Kupanga Ramani ya Nyumba ya Familia Yenye Besimenti kwenye Kiwanja cha Mteremko: Mwongozo Kamili

Wengi wanaojenga Dar es Salaam huanza na orodha ya vyumba: vitatu vya kulala, kimoja kiwe masta, sebule, jiko na stoo, kisha mchoraji huambiwa avipange. Kwa nyumba ya chini kwenye kiwanja tambarare, utaratibu huo hauna madhara makubwa. Kwa nyumba yenye besimenti, yaani sakafu ya chini iliyozama ardhini yote au sehemu yake, orodha ya vyumba inapaswa kusubiri, kwa sababu kinachoamua chumba kipi kikae wapi ni levo (usawa) za sakafu zikilinganishwa na ardhi, pamoja na njia ya maji, ya mvua na ya chooni. Ukishayapatia hayo mawili, vyumba hujipanga karibu vyenyewe, na ukiyakosea, hakuna rangi wala vigae vitakavyoiondoa harufu ya unyevu.

Katika mwongozo huu tutatumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: kiwanja cha mita 20 kwa 30 kwenye vilima vya Goba, chenye barabara upande wa magharibi na ardhi inayoshuka kuelekea mashariki. Familia ni baba, mama, watoto watatu ambao mkubwa wao yuko sekondari, na bibi anayeishi nao.

Hatua ya kwanza: amua kama kiwanja kinastahili besimenti

Besimenti ina maana zaidi pale ardhi inapoteremka, kwa kuwa upande wa chini wa nyumba unabaki wazi, unapata dirisha na mlango, na udongo wa kuchimba unapungua. Kwenye kiwanja tambarare, kwa kawaida ni nafuu kupanda ghorofa moja kuliko kushuka, na ushauri wangu kwa mwenye kiwanja cha namna hiyo ni kuiacha besimenti, isipokuwa kama eneo ni dogo na hana pa kuegesha gari. Kwenye maeneo ya bondeni, kama kandokando ya Mto Msimbazi, jambo hilo lisifikiriwe kabisa. Mwanza kuna tatizo la aina nyingine: miamba ya mawe inaweza kuufanya uchimbaji kuwa ghali kuliko kuta zenyewe.

Kabla ya kumlipa mchoraji, chimbisha shimo la majaribio pale unapotarajia besimenti ikae, lishuke angalau mita moja chini ya levo ya sakafu unayoikusudia. Lichimbwe wakati wa masika au mara baada yake, kati ya Machi na Juni mwanzoni, kwa sababu shimo la Septemba hukauka hata mahali ambapo Aprili maji yanasimama. Liache kwa siku kadhaa, likiwa limefunikwa vizuri asitumbukie mtoto wala mbuzi, kisha angalia mambo mawili. La kwanza ni kama maji yamejikusanya chini na yamefika kimo gani. La pili ni aina ya udongo kwenye kuta za shimo: mchanga na changarawe huruhusu maji kupita, ilhali udongo mfinyanzi huyashika, huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na hivyo husukuma kuta na kupasua sakafu. Matokeo haya apewe mhandisi, ambaye ndiye atakayesema kama vipimo vya maabara vinahitajika.

Hatua ya pili: pima mteremko

Mpima ardhi akikutengenezea ramani yenye mistari ya kontua, inayounganisha sehemu zenye kimo kimoja, hiyo ndiyo njia bora. Hata hivyo, makadirio ya kutosha kwa mazungumzo ya mwanzo yanaweza kupatikana kwa mpira wa maji, ule mpira mwembamba unaoonyesha ndani ambao mafundi huutumia kusawazisha msingi. Ujaze maji hadi mapovu yote yatoke, ushike ncha moja kwenye kigingi cha juu na nyingine kwenye kigingi cha chini, kisha subiri maji yatulie. Kwa kuwa maji ya ncha zote mbili husimama usawa mmoja, tofauti ya urefu kutoka kwenye maji hadi ardhini ndiyo tofauti ya kimo kati ya vigingi. Kama kwenye kigingi cha juu maji yako sentimita 30 kutoka ardhini na kwenye cha chini yako sentimita 150, ardhi imeshuka mita 1.2. Mteremko ukizidi urefu wa mtu, pima kwa vituo kisha jumlisha.

Kwenye kiwanja chetu tumepata kushuka kwa mita 6 katika urefu wa mita 30, yaani mita moja kwa kila mita 5.

Hatua ya tatu: chora mkato kabla ya ramani

Hapa ndipo kazi yote ilipo, na hapa ndipo ramani nyingi za kununua zinaposhindwa, kwa sababu zimechorwa kwa kiwanja kisichojulikana. Mkato ni mchoro unaoionyesha nyumba kana kwamba imepasuliwa kutoka barabarani hadi nyuma, ukiwa na mstari wa ardhi ya asili ulivyo. Chukua karatasi ya miraba, kila mraba uwe nusu mita, uchore mstari wa ardhi kwanza.

Tuseme ukuta wa mbele umekaa mita 6 kutoka mpaka wa barabara na nyumba ina kina, yaani urefu kutoka mbele hadi nyuma, cha mita 12. Katika mita hizo 12 ardhi inashuka mita 2.4. Sakafu ya juu tukiiweka sentimita 60 juu ya ardhi ya mbele ili maji ya barabarani yasiingie sebuleni, basi kwa nyuma sakafu hiyo hiyo itakuwa mita 3 juu ya ardhi. Kimo kutoka sakafu hadi sakafu tukikifanya mita 3, ambacho baada ya kutoa slabu (sakafu ya zege) na vigae huacha takriban mita 2.8 za kupumua isipokuwa chini ya boriti, sakafu ya besimenti itakuwa sawasawa na ardhi ya nyuma. Usawa huo ni hatari kidogo. Punguza udongo wa nje kwa sentimita 20, au pandisha nyumba nzima kwa kiasi hicho, ili mvua kubwa isivuke kizingiti.

Swali linalofuata ni besimenti iende ndani kiasi gani. Ikijaza kina chote cha mita 12, ukuta wake wa mbele utazuia udongo wa mita 2.4. Ikiishia katikati ya nyumba, yaani kina cha mita 6 za nyuma tu, ukuta huo utakutana na ardhi ya asili ya mita 1.2. Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu nguvu ya udongo unaosukuma ukuta huongezeka kwa mraba wa kimo chake: kimo kikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Kwa familia yetu, nusu inatosha.

Lakini kuna mtego ambao michoro ya haraka huuficha. Nusu ya mbele ya nyumba inabaki na pengo kati ya ardhi na sakafu ya juu, pengo linaloanza na sentimita 60 mbele na kufika mita 1.8 katikati. Desturi ya mafundi ni kulijaza kifusi, kukishindilia na kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu, juu yake. Kifusi hicho kikifika kwenye ukuta wa besimenti, ukuta uliokuwa unazuia mita 1.2 sasa unazuia karibu mita 3, na msukumo umezidi mara sita ya ule uliofikiriwa. Njia ni mbili: ama sehemu ya mbele nayo ikae juu ya slabu iliyobebwa na nguzo na boriti, huku uwazi wa chini ukiachiwa matundu ya hewa yenye wavu, ama mhandisi aambiwe tangu mwanzo kwamba kifusi kitakuwepo, aukokotolee ukuta huo nondo na unene wake. Kwa vyovyote vile, ukuta wa kuzuia udongo uwe wa zege la nondo lililosanifiwa. Tofali la inchi 6 lililopangwa na kupigwa plasta halikuumbwa kwa kazi hiyo.

Hatua ya nne: yape maji njia kabla hayajajitafutia

Maji ya mvua yanayoteremka kutoka barabarani yatakutana na nyumba yako kama kizuizi, kwa hiyo yakingwe mapema. Mtaro wa wazi ukae kati ya lango na ukuta wa mbele, uyapeleke maji ubavuni hadi nyuma bila kuyamwaga kwa jirani wa chini. Ndani ya ardhi, kwenye mguu wa nje wa ukuta wa besimenti, lazwe bomba lenye matundu, lizungukwe na kokoto na kufungwa kitambaa cha kuchuja ili udongo usilizibe, likiwa na mteremko wa angalau sentimita moja kwa kila mita. Mdomo wake utokee mahali pa wazi upande wa chini wa kiwanja. Huo ndio uzuri wa mteremko: maji huondoka yenyewe, huhitaji pampu inayotegemea umeme usiku wa mvua, wakati ambao umeme nao hupenda kukatika.

Tabaka la kuzuia maji kupenya lipakwe au libandikwe upande wa nje wa ukuta, ule unaogusana na udongo, kabla ya kurudishia kifusi. Ukisubiri hadi uone doa ndani, utakuwa unapaka upande ambao maji yanalisukuma tabaka likabanduke. Kwa hiyo, kwenye ramani yenyewe acha nafasi ya mafundi kufanya kazi nyuma ya ukuta, isiyopungua sentimita 60, na pangeni uchimbaji uanze Juni ili ukuta, bomba na kifusi viwe vimekamilika kabla ya vuli ya Oktoba. Tangi la kuhifadhi maji la chini ya ardhi, ambalo wengi hulipenda, lisikae upande wa juu wa besimenti, kwani likipasuka litavujia ukutani kwako.

Hatua ya tano: gawa vyumba kwa mwanga na upepo

Besimenti yetu ina upana wa mita 13 na kina cha mita 6, na uwazi wake unatazama mashariki. Mwanga wa dirisha ambalo juu yake pamefika mita 2.1 hufaa hadi kina cha mita 4 hivi. Zaidi ya hapo utawasha taa mchana. Basi igawe besimenti katika mikanda miwili. Mkanda wa nje wa mita 4 uwe wa watu: chumba cha mtoto mkubwa, chumba cha wageni, na sebule ndogo ya familia ya kusomea na kutazama mpira bila kumkera bibi. Mkanda wa ndani wa mita 2, unaoegemea ukuta wa udongo, uwe wa vitu na mapito: stoo, korido, bafu, chumba cha kufulia, ngazi. Sababu ya pili ya mpango huu ni unyevu. Ukuta unaogusana na ardhi hubaki wa baridi, na hewa ya pwani imejaa mvuke, hivyo kabati la nguo likigandamizwa kwenye ukuta ule litaota ukungu hata pasipo maji kuvuja. Mashelfu ya stoo yaachwe sentimita 10 kutoka ukutani, na mkanda huo upewe matundu ya juu ya kupitishia hewa hadi vyumba vya nje.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Jua la saa sita mchana huwa upande wa kaskazini kwa sehemu kubwa ya mwaka, na huhamia kusini kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi; pande hizo mbili zinakingika kwa paa lililojitokeza vizuri. Jua la magharibi ndilo lisilokingika, kwa sababu huingia likiwa chini. Kwa kuwa mbele ya nyumba yetu ni magharibi, upande huo upewe baraza pana, stoo ya jiko na mlango mkuu, na vyumba vya kulala vielekezwe mashariki. Upepo wa kusi hutoka kusini-mashariki na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kwa hiyo madirisha ya mashariki hupata sehemu ya zote mbili, ilimradi kila chumba kiwe na tundu la pili la kutolea hewa, hata kama ni la juu ya mlango.

Bibi akae sakafu ya juu, inayoingiwa kutoka upande wa lango, na choo chake kiwe ndani ya chumba au hatua chache kutoka mlangoni pake. Watoto wawili wadogo nao walale juu, karibu na wazazi. Kumlaza mtoto wa miaka minne besimenti kwa sababu tu ramani imebakiza chumba ni kuwanyima wazazi usingizi.

Hatua ya sita: weka ngazi mahali pake

Ngazi huchorwa mwisho na watu wengi, kisha hukatwa ikawa mwinuko wa kupandia dari. Ichore sasa. Kimo cha mita 3 kikigawanywa kwa vipandio (miinuko ya ngazi) 18 hutoa sentimita 16.7 kwa kila kipandio, ambazo mguu wa mzee huzimudu. Ukiigeuza ngazi katikati, kila upande unakuwa na vipandio 9 na vikanyagio (sehemu bapa za kukanyaga) 8. Kikanyagio kikiwa sentimita 28, hiyo ni mita 2.24, na ukiongeza kituo cha kugeukia cha mita moja unapata mita 3.24. Upana wa pande hizo mbili za ngazi, za mita moja moja, pamoja na uwazi wa kati ni mita 2.2. Mstatili huo wa mita 3.24 kwa 2.2 unapaswa kuonekana kwenye ramani zote mbili, ya juu na ya besimenti, mahali pale pale. Kwenye mkato hakikisha kuanzia kikanyagio chochote hadi slabu ya juu hapapungui mita 2.1, la sivyo mtu mrefu atagonga kichwa.

Kwa mfano wetu ngazi inakaa ndani kidogo ya ukuta wa udongo, katikati ya nyumba, ambako ndiko korido za sakafu zote mbili zinakutana.

Hatua ya saba: vyoo na maji taka

Bafu la besimenti likae chini ya bafu la juu, ili bomba moja lishuke wima kwa wote. Bomba la inchi 4 linahitaji mteremko wa karibu sentimita 2.5 kwa kila mita. Kutoka nyumba hadi shimo la maji taka lililo mita 8 nyuma, hiyo ni sentimita 20 tu, na ardhi yetu hushuka zaidi ya hapo. Kiwanja kinachoteremka kuelekea barabarani hurahisisha mambo zaidi, maana shimo huwa karibu na gari la kunyonya. Hapa gari litasimama juu na mpira utashuka, hivyo ulizia mapema urefu wa mipira ya magari ya eneo lako na uache ubavu mmoja wa nyumba mita 4 bila mti wala banda. Kama mchoro unaonyesha choo cha besimenti kikiwa chini kuliko shimo, kiondoe choo hicho. Pampu ya kinyesi ni mzigo usiofaa kwa nyumba ya familia.

Kwa familia za Kiislamu, kibla kutoka Dar es Salaam ni karibu kaskazini kamili, kwa hiyo, ili anayejisaidia asiielekee wala kuipa mgongo, masinki ya choo yaelekezwe mashariki au magharibi. Ni rahisi kwenye karatasi, na ni kubomoa vigae baadaye.

Hatua ya nane: vipimo na hesabu ya eneo

Sasa ndipo orodha ya vyumba inaporuhusiwa kuingia. Kwa sakafu ya juu yenye mita za mraba 156, yaani 13 kwa 12, tumeweka sebule 25, sehemu ya kulia 12, jiko 14, stoo ya jiko 3.5, masta 18 na bafu lake 5, chumba cha bibi 13 na choo chake 3.5, chumba cha watoto 12, bafu la wote 5, ngazi takriban 7.5, korido 12 na baraza 9. Jumla ni 139.5. Kinachobaki, 16.5, si cha kuongezea chumba, kwa kuwa kuta ndizo zitakazokila: tofali la inchi 6 na plasta pande zote mbili hufika sentimita 18, na kuta kwa jumla humeza takriban sehemu moja ya kumi ya nyumba. Anayesahau hesabu hii hujikuta na korido ya sentimita 85.

Pima kwa samani, si kwa mazoea. Kitanda cha futi 6 kwa 6 ni mita 1.83 kila upande. Ukiongeza sentimita 70 za kupita pande mbili na kabati la sentimita 60, chumba chenye upana wa mita 3 kitakulazimisha ulale umebanwa ukutani. Kaunta ya jiko ina kina cha sentimita 60, na kati ya kaunta mbili zinazotazamana acha angalau mita 1.1 ili watu wawili wapishane wakiwa na sufuria ya moto. Mlango wa bibi uwe sentimita 90, ukubali fimbo leo na kiti cha magurudumu kesho.

Kuta nzito za juu zipandiane na kuta au boriti za chini. Tangi la lita 2,000 likijaa lina tani 2 za maji, na mahali litakapokaa pawe pameshaonyeshwa kwa mhandisi.

Hatua ya tisa: usalama wa besimenti

Gesi ya kupikia ya mitungi ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa sakafuni na kutuama mahali pa chini kabisa pa nyumba. Kwa sababu hiyo jiko libaki sakafu ya juu, na mtungi ukae nje, mbali na dirisha au mlango wowote wa besimenti. Jenereta na jiko la mkaa navyo visiwekwe chini, kwa kuwa moshi wake una sumu isiyo na harufu inayoua watu waliolala. Kila anayelala besimenti awe na njia mbili za kutokea, ngazi na mlango wa nje, na angalau grili moja ya dirisha katika kila chumba iwe na bawaba na komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo.

Hatua ya kumi: hamishia ramani ardhini, kisha wakabidhi wataalamu

Kabla ramani haijapigwa muhuri, ichore kwenye kiwanja kwa vigingi, kamba na chokaa. Bibi aonyeshwe umbali wa kutoka kitandani hadi chooni, anayepika atembee kutoka jikoni hadi mezani, na gari liingizwe mahali pake. Mabadiliko ya siku hiyo hugharimu chokaa tu.

Baada ya hapo, michoro ikamilishwe na mbunifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na ya nondo na zege ifanywe na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kisha yote yapelekwe halmashauri kwa kibali cha ujenzi. Huko ndiko pia utakakothibitisha umbali unaotakiwa kutoka kwenye mipaka. Dai kwamba mkato uandikwe levo ya kila sakafu kwa kurejelea alama moja isiyohama, kwa mfano msumari uliopigwa kwenye zege la nguzo ya lango. Fundi mkuu, mchimbaji na mhandisi wote wapime kutoka kwenye msumari huo, na upigwe kabla kijiko cha kwanza cha udongo hakijatolewa.